Kadi za Bei Chee

Hotuba kwa wazazi na vijana waongeao Kiswahili, Columbus, Ohio

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliojazana kule mlangoni, sogeeni huku mbele, maana maboksi haya manne yaliyo mezani yatafunguliwa kabla hatujaondoka, na sitaki mtu aje aniambie hakuona.

Ndani yake mna kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA, ligi kuu ya Marekani. Ni vipande vya karatasi ngumu vya kutosha kiganjani, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Karibu zote zilichapishwa kati ya mwaka 1989 na 1993. Nikizipeleka dukani kwa wauza kadi na kumwambia mwenye duka anunue zote, atanipa hela isiyofika bili yangu ya umeme ya mwezi mmoja, na huenda akakataa kabisa kwa kuwa hana pa kuziweka. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimekuja kufundisha njia ya kutajirika. Nimekuja kueleza kwa nini nazipenda, na kwa nini naamini zinastahili kuingia majumbani mwetu.

Nilifika Marekani mwaka 2007, mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja. Kazi ya kwanza niliyopata ni ya kuondoa vitu kwenye nyumba za watu. Mzee amefariki, au amehamishiwa kwenye makao ya wazee, watoto wake wako mbali na hawana muda. Wanapiga simu, lori letu linakuja, tunaanzia darini tunamalizia chumba cha chini ya ardhi. Kazi ile inakufunulia maisha ya watu. Tulikuta barua za askari, cherehani, vyombo vya harusi ambavyo havijawahi kupakuliwa chakula. Na tulikuta kadi. Kadi kwenye maboksi ya viatu, kadi kwenye albamu, makasha ya kiwandani ambayo hayajafunguliwa tangu yanunuliwe. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja kuhusu kadi: tupa.

Sasa mnijue mimi ni nani. Nimekulia Dar es Salaam. Kikapu nilikicheza Upanga, kwenye sakafu ya saruji, ukianguka unaacha ngozi pale chini. Nilikuwa na fulana moja ya Chicago Bulls, ya mtumba, namba 23, namba ya Michael Jordan. Niliivaa mpaka ile tatu ikabanduka, ikabaki mbili peke yake. Picha ya Michael Jordan nilikuwa nayo moja, nyeusi na nyeupe, nimeikata gazetini nikaibandika kwa uji wa muhogo kwenye jalada la daftari la hesabu. Kaka yangu aliitaka, tukapigana, na hadi leo tukipigiana simu lazima ngumi ile itajwe. Mtu huyo ndiye aliyeambiwa, mwaka 2007, abebe boksi lenye Jordan zaidi ya hamsini, wa rangi, kona zimesimama kama wametoka mashineni jana, akalimwage pipani.

Mara ya kwanza nililimwaga. Ugenini, kazi mpya, hukatai unachoambiwa. Mara ya pili niliomba, na msimamizi akasema chukua, utakuwa umenipunguzia mzigo.

Ilinichukua muda kuelewa ilikuwaje kitu nilichopigania na ndugu yangu wa tumbo moja kiwe takataka huku. Nilisoma, nikauliza wauza kadi, nikauliza wenye nyumba. Niwape habari yenyewe.

Kadi hizi zilizaliwa ziwe kivutio cha kuuzia peremende na bablishi. Kampuni ya Fleer ya Philadelphia ndiyo iliyoajiri Walter Diemer, yule aliyefanikiwa kutengeneza bablishi ya kupuliza mwaka 1928. Topps ya Brooklyn nayo ilikuwa ya bablishi. Kadi za besiboli ndizo zilizokuwa na wateja; kikapu kilikuwa mtoto wa kambo. Baada ya msimu wa 1981-82, Topps iliachana na NBA kwa kuwa kadi hazikuuzika. Misimu minne ikapita bila pakiti za kadi za kikapu kwenye maduka ya kawaida. Kampuni ndogo iliyoitwa Star ilikuwa ikiuza seti zake ndani ya mifuko ya plastiki, lakini hizo hukuzikuta duka la mtaani.

Mwaka 1986 Fleer ikajaribu. Ilitoa seti ya kadi 132, zimepangwa kwa alfabeti kuanzia Kareem Abdul-Jabbar hadi James Worthy, na ya mwisho ni orodha ya zote. Ukinunua pakiti unapata kadi 12, stika moja na kipande cha bablishi. Na kwa vile misimu minne ilikuwa imepita, vijana walioingia ligini kipindi hicho wote walikuwa wanasubiri: Barkley, Ewing, Olajuwon, Karl Malone, Drexler, Dominique Wilkins. Kadi namba 57 ni Jordan. Sijui kama kuna seti nyingine ya kikapu iliyojaa namna hiyo. Na madukani zilidoda.

Miaka mitatu tu baadaye mambo yakageuka. Watu wazima walikuwa wamegundua kwamba kadi za besiboli za utotoni mwao zimekuwa mali. Mfano uliokuwa midomoni mwa kila mtu ni kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952. Huyo Mantle ana kisa chake. Kadi za awamu yake, ile ya mwisho ya seti, zilichelewa kutoka, zikabaki ghalani miaka, hata mwaka 1960 Sy Berger, mfanyakazi wa Topps ambaye ndiye aliyeisanifu seti hiyo, akazipakia kwenye tishari na kuzitosa baharini. Alikuwa akilisimulia mwenyewe. Zilizosalia ni zile ambazo watoto walizinunua, wakazibana kwenye matairi ya baiskeli zipige kelele, wakazichezea kamari ukutani, na mama zao wakazifagia. Chache zilizopona zikawa dhahabu. Mwaka 2022 mojawapo iliuzwa dola milioni 12.6.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wakajiambia: safari hii hatutatupa. Wakanunua kwa makasha. Na kampuni zikaona wateja wanazidi, zikachapa. Fleer ipo. Hoops ikaingia mwaka 1989, na kadi ya David Robinson, aliyekuwa ametoka kumaliza utumishi wake jeshini, kwenye jeshi la majini, ndiyo iliyokuwa ikisakwa. SkyBox ikaja mwaka 1990 na kadi zenye ukingo wa dhahabu na michoro ya kompyuta nyuma ya mchezaji, miale na mawingu, kama anachezea anga za juu. Upper Deck ikafuata mwaka 1991, na Topps yenyewe ikarudi mwaka 1992. Gazeti la Beckett lilianza toleo lake la kikapu mwaka 1990, kila mwezi linatoa bei, na mishale ya kuonyesha nani kapanda nani kashuka. Watoto wa darasa la tano walilisoma kama wafanyabiashara wasomavyo bei za hisa.

Hakuna aliyekuwa akiandika kwenye kadi kwamba hii ni ya ngapi kati ya ngapi. Oda zikija, mitambo inazunguka. Na kila aliyenunua alihifadhi. Hapo ndipo hesabu ilipovunjika, maana Mantle alipanda bei kwa sababu watu hawakumtunza, na hawa wote walitunzwa, kwenye plastiki, mahali pakavu, na mamilioni ya watu kwa wakati mmoja.

Nitawapeleka kwenye nyumba moja ili mlione hili kwa macho.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mama mmoja mzee, mjane, anahamia kwa binti yake. Chini ya ngazi ya chumba cha chini tulikuta maboksi 22 ya Hoops ya msimu wa 1990-91, awamu ya kwanza, hayajaguswa, nailoni ya kiwandani bado iko juu. Mama akashuka pole pole akiwa ameshika ukuta. Akatuambia marehemu mumewe, aliyekuwa mpeleka barua, aliyanunua kwa ajili ya ada ya chuo ya watoto wao wa kiume. Alikuwa akinunua moja moja, kila alipopata posho. Watoto walisoma kwa mikopo, kwa sababu baba alikuwa akisema subirini, bado hazijaiva. Kisha akaniuliza mimi, siyo msimamizi, labda kwa kuwa aliniona nimeyashika kwa mikono miwili: zina thamani gani sasa?

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshajifunza kiasi cha kujua jibu. Boksi lina pakiti 36, pakiti ina kadi 15. Maboksi 22 ni kadi 11,880. Awamu ile ina kadi 336 tofauti. Kwa hiyo mle ndani kila mchezaji alijirudia mara thelathini na kitu, kwa wastani. Mpeleka barua alikuwa na kadi namba 65, ya Jordan, thelathini na kitu, na kila mtaa wa Marekani ulikuwa na mpeleka barua wake. Nikamwambia mama ukweli, kwamba pengine yote kwa pamoja hayafiki alichotoa mumewe. Hakulia. Aliketi kwenye ngazi, akaniomba nifungue pakiti moja, kwa kuwa mumewe hakuwahi kuruhusu ifunguliwe hata moja.

Nikafungua. Tukazitazama kadi 15 pamoja, yeye na miwani yake, mimi na glavu za kazi. Alimjua Patrick Ewing. Alimjua Larry Bird. Kila kadi alisoma mgongo wake: urefu, uzito, chuo alichosoma. Tulipomaliza alinipa maboksi sita, mengine akagawa kwa wajukuu. Bado ninayo matatu kati ya hayo sita. Mawili hayajafunguliwa.

Tangu siku ile niliacha kuzitazama kadi kwa jicho la bei, nikaanza kuzitazama kwa jicho la picha. Na hapa ndipo utajiri wenyewe ulipo, kwa sababu wakati kampuni zinachapa kadi mamia kwa msimu, zilihitaji picha mamia, na mpiga picha aliyekaa pembeni ya uwanja hachagui nani apite nyuma ya mchezaji.

Chukueni kadi namba 223 ya seti hiyo hiyo ya Hoops. Ni ya Sam Vincent wa Orlando Magic, mchezaji ambaye wengi wenu hamjamsikia. Tazameni anayemkaba. Ni Jordan, amevaa namba 12. Tarehe 14 Februari 1990, huko Orlando, mtu aliiba fulana ya Jordan kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mchezo. Hakuna ya akiba yenye jina lake. Wakampa namba 12, mgongoni haina jina. Akafunga pointi 49, na Bulls wakafungwa katika muda wa ziada. Usiku mmoja tu katika maisha yake ya NBA alivaa namba ile, na picha ikabaki kwenye kadi ya mtu mwingine. Baadaye kampuni ikabadilisha picha kwenye kadi hiyo, kwa hiyo zipo za aina mbili. Ile yenye Jordan bado mnaweza kuipata kwa hela ya soda na chipsi.

Kadi namba 205 ina habari ya kutisha zaidi. Mark Jackson wa New York Knicks ana mpira, anatafuta wa kumpa. Nyuma yake, viti vya mbele kabisa, viti vya wenye pesa, wamekaa vijana wawili. Ni Lyle na Erik Menendez. Mwezi Agosti 1989 waliwaua wazazi wao Beverly Hills, na kabla ya kukamatwa mwezi Machi 1990 walikuwa wakitumia fedha za urithi, pamoja na tiketi kama zile. Kadi ilikaa kwenye mamilioni ya maboksi, watoto wakaibadilishana shuleni, na karibu miaka thelathini ikapita kabla mtu hajatambua nyuso zile, mwaka 2018. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo kadhaa. Nilipoisikia habari nilishuka chini usiku, nikazitoa, nikawakuta wamekaa pale pale.

Fikirini: kama kadi hiyo ingechapwa mia moja tu, zimefungiwa kwenye makasha ya kioo ya matajiri mia moja, nani angeitazama? Ilitambuliwa kwa kuwa ilikuwa imesambaa kila mahali.

Ziko nyingine ndogo ndogo ninazozipenda kwa sababu zetu sisi Waafrika. Kadi za Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, hadi msimu wa 1990-91 zimeandikwa Akeem. Kuanzia msimu uliofuata zimeandikwa Hakeem. Mwezi Machi 1991 aliutangazia umma kwamba jina lake sahihi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni Hakeem, naye alikuwa Mwislamu aliyezidi kushika dini. Ziweke mbili hizo pembeni kwa pembeni utamwona mtu akilirudisha jina lake. Wangapi humu ndani jina liliharibiwa kwenye karatasi za uhamiaji na hatujalirekebisha? Zipo pia za Manute Bol, Mdinka wa Sudan, ambaye picha ilibidi ipigwe kwa mbali ili atoshe.

Na zipo za timu ya Marekani ya Olimpiki ya Barcelona, 1992. SkyBox ilitoa seti nzima. Wakubwa zangu mnakumbuka mchezo wao wa kwanza walicheza na nani: Angola, ndugu zetu. Walifungwa 116 kwa 48. Mimi nilikuwa upande wa Angola mpaka filimbi ya mwisho, na bado nazitunza kadi za waliowafunga.

Hiyo 1992 ndiyo kilele. Shaquille O'Neal aliteuliwa na Orlando mwezi Juni, wa kwanza kati ya wachezaji wapya, na kila kampuni ikataka kadi yake ya mwaka wa kwanza. Hoops, Fleer, SkyBox, Upper Deck, Topps, na baadhi ya kampuni zikawa na matoleo ya bei ya juu, Ultra, Stadium Club. Watu walinunua kama sukari imeadimika. Mwaka huo huo kampuni ya Marvel, ya vitabu vya katuni, iliinunua Fleer. Mwaka 1995 ikaongeza SkyBox. Mwaka 1996 Marvel ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Fleer yenyewe, ile ya bablishi, ilifunga milango mwaka 2005. Kati ya hapo Jordan alistaafu Oktoba 1993, akarudi Machi 1995, maduka ya kadi yakafungwa mtaa baada ya mtaa, na kampuni zilizobaki zikaanza kuchapa kidogo na kuandika namba kwenye kadi. Hizo za baadaye ndizo zenye bei kubwa. Sizikusanyi.

Vijana mtaniuliza, mbona mtandaoni tunaona kadi za Jordan za mamia ya maelfu? Ni kweli. Ile ya Fleer ya 1986, namba 57, ikiwa imepimwa ubora na kupewa alama 10 kati ya 10, mbili ziliuzwa dola 738,000 kila moja mwezi Januari 2021. Ilikuwa wakati wa korona, watu wamejifungia, filamu ya mfululizo kuhusu Bulls imetoka mwaka uliotangulia, kila mtu amekumbuka boksi lake la darini. Kampuni ya PSA, inayopima kadi tangu mwaka 1991, ililemewa na mzigo hadi ikasimamisha huduma zake nyingi mwezi Machi mwaka ule. Kisha bei ya kadi ile ile ikaporomoka vibaya ndani ya mwaka mmoja na kitu. Walionunua kileleni wapo, na wengine walikopa.

Lakini sikilizeni vizuri: hiyo ni ya 1986, ya kabla ya mafuriko. Hizi za 1990, gharama ya kumlipa mpimaji kwa kawaida inazidi kadi yenyewe. Kijana wangu alinibishia, akapeleka sita kwa pesa zake za kazi ya likizo. Moja ilirudi na 10, zilizobaki 8 na 9. Alipouza zote hakupata alichotoa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo linanichoma. Jamii zetu zinalengwa na matapeli, kwa kuwa tunaonekana wageni wa vitu hivi. Mimi nimetapeliwa. Mwaka 2013, kwenye gulio la Jumapili, muuzaji mmoja aliniuzia pakiti mbili za Fleer za 1986, akasema hazijafunguliwa. Nilitoa hela ya kodi ya wiki mbili bila kumwambia mke wangu. Karatasi ya nta ilikuwa ya kweli, kadi za ndani za kweli, lakini zilikuwa zimefunguliwa zamani, Jordan na wenzake wakatolewa, zikawekwa za kawaida, nta ikapashwa moto na kufungwa upya. Nilijua nilipoona mkunjo wa pili kwenye karatasi, ambao haukufuata ule wa kiwandani. Mke wangu nilimwambia usiku ule ule. Alininyamazia siku nne, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo mkisikia mtu anauza Jordan wa 1986 kwa bei ya kuonea huruma, ondokeni. Kadi hiyo imeghushiwa kuliko pengine kadi nyingine yoyote ya kikapu. Ukiitazama kwa lenzi, maandishi na mistari ya kweli ni wino mzito uliojaa. Kwenye feki nyingi utaona vinukta nukta, kwa kuwa mtu amepiga picha ya kadi na kuichapa tena. Na mkipewa kadi za bure na jirani, zile za kung'aa za Stadium Club au Upper Deck, msizikwangue kwa kucha zikiwa zimegandana. Unyevu ndio unaozigandisha. Zikunjeni taratibu huku na huku kama kitabu kipya, zitaachana zenyewe, au zitachubuka. Ndugu wa Dar, Mombasa na Tanga mnaotaka kupelekewa, mjue joto la pwani lile si rafiki yake.

Sasa nifike kwenye boksi hili la mwisho. Hili nimelikusanya kwa miaka kumi na zaidi, kadi moja moja kutoka kwenye mamia ya maboksi. Lina mtu mmoja peke yake.

Dikembe Mutombo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alikuja Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown, akitaka kuwa daktari, na kocha akamwona kwa urefu wake. Mwezi Juni 1991 Denver Nuggets wakamteua wa nne. Kwa hiyo kadi zake za mwaka wa kwanza ni za msimu wa 1991-92, katikati ya mafuriko kabisa: Hoops, Fleer, SkyBox, Upper Deck, zote. Mwaka 1994 timu yake, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane, iliwatoa Seattle walioingia wakiwa wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo, na alipomaliza akalala chini ameukumbatia mpira kichwani. Alizuia mitupo 3,289 katika maisha yake ya NBA. Ni mtu mmoja tu aliyemzidi, Olajuwon. Na kila alipozuia alikuwa akitikisa kidole: hapana, siyo nyumbani kwangu. Pesa alizopata akajenga hospitali Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Asubuhi ile ya msiba nilikuwa na Mkongomani mmoja ninayefanya naye kazi, mtu wa Lubumbashi, hakuweza kushusha sanduku. Jioni nilimletea kadi moja ya Hoops. Ameiweka kwenye kioo cha mbele cha gari lake hadi leo, jua linaichoma, na sijamwambia aiondoe.

Nilizihesabu nilipokuwa nazipanga kwa ajili ya leo. Zimo mia nne na kumi na mbili za mwaka wake wa kwanza. Kama Mutombo angeanza kucheza miaka mitano kabla, nisingeweza kununua hata chache. Kama angeanza leo, kadi yake nzuri ingekuwa moja duniani, imefungwa kwa mnyororo kwenye kabati la tajiri. Kwa vile alianza mwaka ambao mitambo haikulala, mfanyakazi wa lori anaweza kuwa naye mia nne, na kila mtoto wa Kikongo, wa Kitanzania, wa Kirundi, wa Kinyarwanda aliyemo humu anaweza kurudi naye nyumbani leo, bila kupigana na kaka yake.

Wazazi nawaomba jambo moja tu. Mkifika nyumbani igeuzeni kadi, msomeeni mtoto ule mgongo wake. Pameandikwa alikozaliwa.

Haya, pangeni mstari, wadogo mbele. Kila mmoja achukue ya kwake na mfuko wake wa plastiki. Shikeni pembeni hivi, kwa vidole viwili, msibonyeze kona.